Jinsi ya Kusoma Maisha ya Mchoraji wa Mandhari Kupitia Picha Zake: Mfano wa Camille Pissarro

Waandishi wengi humwanza Camille Pissarro akiwa Ufaransa tayari, kana kwamba alizaliwa na miaka 25 siku aliyofika Paris. Ukitaka kumfahamu, anzia kisiwani. Alizaliwa tarehe 10 Julai 1830 mjini Charlotte Amalie, katika kisiwa cha St. Thomas huko Karibi, ambacho wakati huo kilikuwa koloni la Denmark na leo kiko chini ya Marekani. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wenye duka mjini humo.

Kabla ya kutazama picha yoyote, chukua karatasi uigawe safu mbili, moja ya miaka na mahali, ya pili ya picha. Katika safu ya kwanza andika kwamba akiwa na miaka 12 alipelekwa shule ya bweni huko Passy, jirani na Paris. Kwamba mwaka 1847 alirudi kisiwani kufanya kazi katika duka la baba yake. Kwamba mwaka 1852 aliondoka kwenda Venezuela pamoja na mchoraji kutoka Denmark, Fritz Melbye. Na kwamba mwaka 1855 alihamia Ufaransa, asirudi tena Karibi. Safu hii usiirembe, kwa kuwa utaihitaji kama fundi anavyohitaji futi yake.

Sasa chagua picha moja ukae nayo. Mimi ningechagua ile ya mwaka 1856 ya wanawake wawili wanaozungumza kando ya bahari, iliyohifadhiwa katika jumba la National Gallery of Art mjini Washington. Ni ndogo, takriban sentimita 28 kwa 41. Itazame dakika kumi bila kusoma maelezo yake. Fuata njia ya udongo hadi ilipo ghuba, tazama kikapu kilichobebwa kichwani, kisha watafute watu wadogo walio mbali ufukweni, na uangalie vivuli vimeangukia upande gani.

Ukimaliza, rudi kwenye safu ya kwanza. Mwaka 1856 Pissarro alikuwa Paris, kwa hiyo bahari hiyo haikuwa mbele ya macho yake. Aliichora kwa kumbukumbu na kwa michoro ya penseli aliyoifanya kisiwani. Ongeza pia kwamba utumwa ulikomeshwa katika visiwa hivyo vya Denmark tarehe 3 Julai 1848, wiki moja kabla hajatimiza miaka 18. Wanawake hao ni weusi, naye amewaweka mbele kabisa ya picha, wakiwa na mazungumzo yao wenyewe ambayo hatuyasikii. Kwangu mimi, hapo ndipo penye uzito wa picha nzima, kuliko bahari na vilima.

Swali la kuuliza kila picha ni hili: mchoraji alisimama wapi? Pissarro kijana, aliyetumwa bandarini kuorodhesha shehena za duka akaishia kuchora wapakuaji, alijizoeza kuwatazama watu akiwa kiwango kimoja nao, na katika picha ya 1856 wewe pia unasimama njiani. Linganisha na zile za mwaka 1897 za Boulevard Montmartre, barabara ya Paris, ambazo zinautazama mtaa kutoka juu. Usiharakishe kusema kwamba alibadili mtindo. Uzeeni aliugua jicho, upepo na vumbi vikamzuia kufanya kazi nje, ndipo akachora kutoka dirisha la hoteli.

Jihadhari pia na mapengo. Vita vya mwaka 1870 kati ya Ufaransa na Prussia, dola ya Kijerumani, vilipomlazimu kukimbilia London, askari wa Prussia waliichukua nyumba yake ya Louveciennes, karibu na Paris, na kati ya kazi takriban 1,500 alizoziacha zilisalimika kama 40 tu. Hivyo usijenge hoja nzito juu ya picha chache za miaka ya 1860. Kipindi cha baadaye hakina shida hiyo: alishiriki maonyesho yote manane ya wachoraji wa Impressionism, mtindo wa kunasa mwanga na mwonekano wa papo hapo kwa miguso ya haraka ya brashi, kati ya 1874 na 1886, jambo ambalo hakuna mwenzake aliyelifanya.

Ukikutana na mchoro wake wa minazi au wa mtaa wa Caracas, mji mkuu wa Venezuela, usio na tarehe, tazama sahihi kwanza. Katika kazi zake za mwanzo aliliandika jina lake kwa tahajia ya Kihispania, Pizarro. Ukiiona hiyo, uweke mchoro huo juu kabisa ya safu ya pili.