Somo: Siku mbili Cairo kwa mwanafunzi anayetokea Alexandria

Assalaam alaikum na habari zenu wote. Kila muhula unapoanza, wadogo zetu waliofika Alexandria huuliza jambo hilohilo: nina Ijumaa na Jumamosi tu, Cairo nitaionaje? Wengi hupewa orodha ndefu ya vivutio, halafu siku zote mbili zinaishia kwenye foleni za magari. Cairo na viunga vyake ina watu zaidi ya milioni 20. Huwezi kuikimbia huku na huko. Ushauri wangu ni mmoja: shika laini ya pili ya metro, yaani treni ya mjini inayopita sehemu kubwa chini ya ardhi. Inaunganisha stesheni ya treni, mji wa kale, mitaa yenye hosteli za bei nafuu, na Giza, upande wa piramidi. Kilicho mbali na laini hiyo kisubiri safari nyingine.

Hatua ya 1: Kabla ya kuondoka

Beba pasipoti yenye kibali chako cha ukaazi, kwa sababu hosteli haikupokei bila hiyo. Beba kitambulisho cha chuo, kile cha plastiki chenye picha; kwenye maeneo ya kale mwanafunzi hulipa takriban nusu ya kiingilio cha mgeni. Beba pia kadi ya benki. Maeneo mengi makubwa siku hizi hayapokei fedha taslimu dirishani, na nimewaona wanafunzi wakihangaika getini kutafuta mgeni awalipie kwa kadi. Noti ndogondogo zitakufaa kwa metro, chai na bakshishi.

Hatua ya 2: Treni

Panda ya Ijumaa asubuhi, kwenye stesheni ya Alexandria ya Sidi Gaber au Mahattat Misr, na tikiti ya kurudi Jumamosi uikate palepale, maana Jumamosi jioni treni hujaa. Safari ni kama saa mbili na nusu hadi tatu na nusu, kutegemea aina ya treni. Utashuka Ramses, stesheni kuu ya Cairo, na chini yake kuna kituo cha metro cha Al-Shohadaa. Metro hii ilifunguliwa mwaka 1987, ya kwanza barani Afrika. Panda laini ya pili kuelekea El-Mounib, ushuke kituo kinachofuata tu: Attaba.

Hatua ya 3: Mji wa kale kwa miguu

Hapa ndipo naomba msiharakishe. Kutoka Attaba fuata mtaa wa Muski, katikati ya vitambaa, vyombo na mikokoteni, mpaka utokee kwenye misikiti ya Al-Azhar na Al-Hussein. Ni mwendo wa nusu saa hivi. Ijumaa asubuhi maduka mengi yamefungwa na njia zina nafasi. Baada ya swala watu hufurika.

Msikiti wa Al-Azhar ulianza kujengwa mwaka 970. Masheikh na walimu wengi wa Afrika Mashariki wamesoma hapa, na ukikaa uani baada ya swala usishangae kusikia Kiswahili pembeni yako.

Ukitoka hapo ingia mtaa wa Al-Muizz. Tembea kaskazini hadi lango la Bab al-Futuh, kisha rudi kusini hadi Bab Zuweila. Kwa maoni yangu hakuna mahali Misri penye mengi zaidi kwa hatua chache. Simama kwenye majengo ya Sultani Qalawun ya miaka ya 1284 na 1285: msikiti, shule, kaburi na hospitali, vyote pamoja. Hospitali ile ilitibu watu kwa karne nyingi. Soko la Khan el-Khalili liko pembeni tu, lakini kama unataka kununua, nenda mbele ya Bab Zuweila, mtaa wa Khayamiya, ambako mafundi hushona kwa mkono mapambo ya mahema mbele ya macho yako. Bei ya kwanza si bei; patana kwa upole, na ukishakubaliana usirudi nyuma.

Chakula: koshari. Ni wali, adesi, makaroni, dengu, vitunguu vilivyokaangwa vikakauka, na sosi ya nyanya. Inashibisha na mfuko hauumii.

Hatua ya 4: Usiku

Lala mitaa ya katikati ya mji, karibu na kituo cha Sadat au Mohamed Naguib. Baada ya Isha tembea hadi daraja la Qasr al-Nil. Maji yanayopita chini yake, sehemu yake ilitoka Ziwa Victoria kupitia Jinja. Na ni mji huu uliotutangazia kwa Kiswahili kupitia Redio Cairo tangu 1954, nchi zetu zikiwa bado mikononi mwa wakoloni.

Hatua ya 5: Giza

Jumamosi amka alfajiri. Metro haifiki kwenye piramidi: shuka kituo cha Giza, kisha chukua gari la programu ya simu. Fika mapema, kabla ya jua kali na mabasi ya watalii. Ukitaka ngamia, patana bei ya kupanda na ya kushuka, yote kabla hujamgusa. Kisha nenda Jumba Kuu la Makumbusho, lililozinduliwa rasmi Novemba 2025, si mbali na piramidi. Tikiti nunua mtandaoni mapema. Alasiri rudi kituo cha Giza, na laini ileile ikupeleke Ramses.

Maswali ya wanachama

*Kaka, mimi si Mwislamu. Al-Azhar naruhusiwa kuingia?*
Ndiyo, nje ya nyakati za swala. Vaa nguo za heshima. Dada atafunika kichwa. Epuka Ijumaa mchana, nenda alasiri. Ukitaka makanisa ya kale ya Wakopti, badilisha laini kituo cha Sadat, ushuke Mar Girgis.

*Nataka kuona mumia za wafalme. Ziko jumba hilo jipya?*
Hapana. Za kifalme zilihamishiwa Makumbusho ya Taifa ya Ustaarabu wa Misri, Fustat, Aprili 2021. Hazina ya Farao Tutankhamun ndiyo iko jumba jipya. Kwa siku mbili chagua moja. Mimi ningechagua Tutankhamun.

*Shikamoo kaka. Binti yangu yuko Mansoura, anataka kwenda na wenzake wa kike. Ni salama?*
Marahaba mama. Waende pamoja. Metro ina mabehewa ya wanawake, katikati ya treni, na alama ziko ukutani. Maneno ya wauzaji barabarani watayasikia. Wasijibu, waendelee na njia yao. Usiku watumie gari la programu badala ya kusimamisha mikrobasi, na namba ya gari wakutumie wewe kabla hawajapanda.