Simu imekushika? Hivi ndo mimi nilijinasua

Mi niko Busia upande wa Uganda, nina kibanda cha mobile money karibu na stendi ya taksi, na sababu ya kuandika hii ni laki moja na nusu. Mama mmoja anayeuza samaki alikuja kumtumia mtoto wake ada ya shule, akanitajia namba, mkono mmoja nabonyeza simu ya kazi mkono mwingine nasukuma vidio kwenye simu yangu, pahali pa 7 nikaweka 1 alafu nikamaliza na PIN. Pesa ikaingia kwa mtu simjui, na akaitoa kabla hata sijamaliza kusema pole mama. Nililipa mwenyewe. Jina la yule mtu lilikuwa limetokea kwenye skrini, zima, herufi kubwa, ila mi nilikuwa naangalia mbuzi anacheza dansi.

Sasa kabla hujajitukana, jua kwanza unashindana na nini. Kuna Mmarekani anaitwa Aza Raskin, mwaka 2006 ndo alibuni ile kurasa isiyoisha, unashuka na vitu vinajiongeza vyenyewe. Zamani ukifika chini ulikuta kitufe cha ukurasa wa pili, na hapo kichwa kinapata nafasi ya kujiuliza, naendelea ama naenda kupika? Yeye alitaka kurahisishia watu tu, baadaye akajuta hadharani, lakini makampuni walishaona utamu wake maana ukikaa sana unaona matangazo mengi na matangazo ndo pesa yao. Alafu kuna mambo ya njiwa wa Skinner, mwanasaikolojia wa zamani: njiwa akidonoa kitufe na chakula mara kinatoka mara hakitoki, anadonoa kama mwendawazimu, kuliko yule anayepewa kila akidonoa. Ile kuvuta skrini chini uone kama kuna kipya, wewe ndo njiwa.

Kwa hiyo kazi ni moja tu, pale walipotoa mwisho we urudishe.

Anza na kuhesabu. Kwenye Android ingia Mipangilio, tafuta Nidhamu Dijitali, kwa Kiingereza Digital Wellbeing (iPhone nayo iko na yake), na usiangalie masaa peke yake, angalia umefungua simu mara ngapi. Siku ya kwanza nilikuta 163. Wateja niliohudumia siku hiyo walikuwa 41.

Alafu arifa. Pitia apu moja moja ujiulize, nyuma ya hii kengele kuna mtu ama kuna mashine? Mama yako, mteja, mwalimu wa mtoto, acha ilie. "Huenda unamjua fulani", "hujaingia siku tatu", "leo una beti ya bure", zima zote, na hiyo ya beti futa na apu yenyewe bana.

Vidio zinazojicheza zenyewe, zima. YouTube kitufe chake kiko juu kwenye vidio, apu zingine utakitafuta ndani ya mipangilio, wanakificha. Hapa unapona mara mbili sababu MB pia zinabaki. Na bando nunua la siku, sio la mwezi, najua la mwezi hesabu yake ni nafuu lakini la siku likiisha ile kurasa isiyoisha imeisha. Bando la usiku la bei rahisi usiliguse kabisa, unajiona mjanja kumbe umelipa ili usilale.

Wengine wanasema serikali ingefunga hizi vitu tupumzike. Jamani si tulishaonja? Julai 2018 ikaja kodi ya mitandao shilingi 200 kila siku, tukaweka VPN, zile apu za kukwepa kufungiwa. Januari 2021 Facebook ikafungwa kabla ya uchaguzi, VPN tena. Mtu akikufungia anakufundisha kuruka ukuta tu, tamaa iko palepale.

Kuweka skrini nyeusi na nyeupe nilijaribu, inasaidia kidogo, ile namba nyekundu kwenye apu haikuiti tena. Mimi sikudumu nayo. Kilichonisaidia kweli ni kutenganisha, kazi yote ikahamia kwa katochi, kale kasimu kadogo ka vitufe, na simu kubwa inakaa ndani ya droo mpaka saa saba mchana nikila rolex yangu, ile chapati ya kukunja na mayai.

Na nyie vijana mnaotengeneza apu huko Kampala, niwaulize kitu, mtu akimaliza kilichomleta apu yako inamwacha aende? Kujitoa ni rahisi kama kujiunga? Kama kujiunga ni kubonyeza mara moja na kujitoa ni mpaka aandike barua pepe, hapo hujabuni kitu, umetega panya.

Ila tusiite kila mtu mgonjwa. Orodha ya magonjwa ya WHO, Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika 2022 inataja ugonjwa wa gemu na wa kamari, intaneti kwa jumla haina jina lake humo. Lakini ukiona ndugu yako halali usiku, hali chakula, ada ya watoto inaishia kwa beti, huyo hizi mbinu zangu hazimtoshi, aende kwa mshauri ama hospitali, na Butabika, ile hospitali ya magonjwa ya akili huko Kampala, sio ya kutaniana.

Usiku sasa, na hapa ndo palinisumbua zaidi. Simu isilale chumbani. Utasema ndo kengele yangu ya asubuhi, mi pia nilisema hivyo mpaka nikanunua saa ya kengele sokoni, inapiga kelele kama trela la mpakani Malaba lakini haina vidio. Simu yangu sahivi inalala jikoni ndani ya mkebe wa unga wa posho, yaani ugali, uliobaki mtupu, na mfuniko wake ni mgumu, ukiufungua usiku nyumba nzima inaamka inauliza nani anakula. Juzi mteja akaishika akaniuliza mbona inanuka posho.