Kupanda meli ya kitalii na vyakula vyako (na kushuka navyo) bila kunyang'anywa mlangoni

Shangazi yangu anakaa Tanga, Ngamiani, barabara ya 12. Mwanawe yuko Uingereza miaka mingi, mwaka huu kamkatia tiketi ya meli ya kitalii, wanapandia Barcelona, siku 7 kuzunguka Mediterania. Swali lake la kwanza kwangu halikuwa la visa wala baridi. "Sasa mwanangu, huko baharini ntakula nini?" Nikaenda kwake baada ya magharibi, nikakuta mezani kishapanga: dumu la lita tano la achari ya maembe, ng'onda (samaki mkavu) kafungwa kwenye gazeti, kashata, visheti, nazi nne, machungwa ya Muheza nusu kiroba, birika la umeme, na chini ya meza mbuzi ya kukunia nazi.

Mbuzi! Nikacheka mpaka nikakaa chini.

Mie nimefanya kazi kwenye meli hizi mikataba minne, miwili jikoni miwili baa, nimeona mengi yakinyang'anywa na mengine nimenyang'anywa mwenyewe. Nilichomfanyia shangazi wiki ile ndo hiki hapa.

Hatua ya 1: Pasi, visa, tiketi, bima

Haya mnayajua, twende.

Hatua ya 2: Hesabu milango

Ipo mitatu na kila mmoja una sheria yake. Watu wanauliza mmoja tu halafu wanashangaa.

Mlango wa kwanza ni wa nchi unayoshukia ndege. Kwa nchi za Umoja wa Ulaya, nyama na maziwa kutoka kwetu haviingii kwenye begi la abiria, sambusa mbili za nyama tu ni kosa. Samaki wanaruhusu, ajabu, mpaka kilo 20 kwa mtu. Asali kilo 2. Matunda mabichi yanataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Kwa hiyo nazi za shangazi zinapita, machungwa ya Muheza hayapiti.

Aliposikia nazi na ng'onda vinapita akaanza kuvirudisha kwenye sanduku. Ngoja kwanza shangazi, mlango wa pili ni meli yenyewe, na meli haijali Barcelona wamekuruhusu nini. Ng'onda wa kwenye gazeti anaishia pale pale kwenye mashine ya ukaguzi, na akipita kwa bahati basi harufu itamtangaza kwa majirani wa chumba kabla meli haijang'oa nanga.

Mlango wa tatu ni kila bandari mnayoshuka kutembea. Huo nitaufikia.

Hatua ya 3: Soma sheria ya kampuni yako, usisome ya jirani

Ingia kwenye tovuti ya kampuni, tafuta ukurasa wa vitu vilivyokatazwa, usome wote. Kampuni hazifanani. Carnival na Royal Caribbean wanamruhusu mtu mzima chupa moja ya mvinyo ya mililita 750 siku ya kwanza ya kupanda, tena ibebwe mkononi, na soda au maji kwa idadi maalum. MSC hawataki kinywaji chochote kutoka nje. Kwa hiyo shoga yako akikwambia "mbona mie nilipita nayo" muulize alipanda ya nani.

Yanayofanana karibu kote ni haya: chakula kikavu kilichofungwa kiwandani na hakijafunguliwa kinapita, chakula kilichopikwa nyumbani hakipiti, maziwa ya mtoto mchanga na vyakula vya mgonjwa vinapita ukieleza. Birika la umeme, pasi, jiko la wali na ile chuma ya kuchemshia maji kwenye ndoo, vyote hapana, sababu moto ukiwaka katikati ya bahari hamna pa kukimbilia. Birika la shangazi likarudi kabatini. Mbuzi sikuhitaji hata kusoma.

Na hiki cha kukataa chakula cha nyumbani watu wanakiona dharau, sio dharau. Jikoni kwetu chakula cha baridi kinakaa nyuzi 5 au chini, cha moto 57 au juu, unapima na kipimajoto unaandika kwenye karatasi, unasaini, na ukikosea unafokewa mbele ya watu. Sasa watu elfu tatu wakiwa chombo kimoja, mmoja akaanza kuharisha, jiko linatakiwa lijieleze kila sahani ilitoka wapi. Visheti vya shangazi havina karatasi.

Hatua ya 4: Suala la halali liandikie barua pepe mapema

Ukimchimba shangazi vizuri, ile meza yote ilikuwa hofu ya nguruwe. Basi tibu hofu, usibebe dumu. Mwanawe aliandika kwa kampuni wiki nyingi kabla, akataja namba ya safari na namba ya chumba, akaomba chakula cha halali. Usisubiri ufike.

Jioni ya kwanza, kabla hujakaa kula, mtafute mkuu wa ukumbi wa chakula (sio mhudumu wa meza, mkuu) mwambie tena uso kwa uso. Mara nyingi atakuletea menyu ya kesho usiku uchague, ukapikiwe peke yako. Na siri ya jikoni hii hapa: meli nyingi zina wapishi Wahindi, ukiomba chakula cha kihindi kisicho na nyama unapata dengu na mboga zenye viungo vya kweli na pilipili inayojulikana kuwa ni pilipili, wakati wenzako wanatafuna kuku aliyechemshwa na chumvi. Mie ningeanzia hapo hata kabla ya kufungua sanduku.

Hatua ya 5: Kufungasha. Hapa tulieni

Mkataba wangu wa kwanza, rambo bado zipo (ile mifuko ya plastiki, Tanzania ilipigwa marufuku Juni 2019), mama alinifungia unga wa ubuyu kilo moja. Mweupe, laini, mkavu, kwenye rambo nyeupe, fundo juu. Akaona haitoshi akaongeza rambo ya pili. Nimefika uwanja mmoja wa ndege Marekani kwenda kuungana na meli, kwenye fomu pale panapouliza kama una chakula nimeweka alama ya hapana, maana kichwani mwangu chakula ni wali. Afisa akafungua begi, akaunyanyua ule mfuko kwa vidole viwili, akauliza hiki nini.

Nikamwambia ni unga.

Sasa nyie mnajua unga ni nini kwa lugha ya mtaani, yeye hajui Kiswahili lakini macho yake yalikuwa yanajua. Akauliza unga wa nini. Neno la kiingereza la mbuyu sina, nikasema unga wa mti. Mti gani? Mti mkubwa. Nikaonyesha kwa mikono, mkubwa hivi, mnene, hauna majani. Akaita mwenzake. Nikakalishwa chumba kina kiti kimoja, wakachukua kijiko wakadondoshea dawa, wakasubiri, wakadondoshea nyingine, mbwa akaletwa akanusa akaenda zake (mbwa peke yake ndo alinielewa). Masaa matatu. Basi la wafanyakazi likaondoka, nikalipa teksi kwa hela ya kukopa kwa Mfilipino mmoja aliyekwama kwa mambo yake, na ubuyu ukabaki pale. Kosa kubwa halikuwa ubuyu, ni ile alama ya hapana. Marekani kuficha chakula kwenye fomu faini yake inaweza kufika dola 10,000, ukikitaja na kikakataliwa wanakitupa tu unaenda zako. Taja. Kila kitu taja, hata pipi.

Tangu siku hiyo sheria yangu ni kwamba kama mgeni asiyejua Kiswahili hawezi kusoma kwenye pakiti hiki ni nini, hakisafiri. Kwa urefu wake ni hivi.

Nunua kilichofungwa tayari, chenye lebo ya kiingereza au lugha mbili, kimeandikwa viungo vyake, nani katengeneza, tarehe ya kuisha, na alama ya TBS (shirika la viwango Tanzania) kama ipo. Sio lazima kiwe cha kiwanda kikubwa, wajasiriamali wadogo waliopitia SIDO (shirika la viwanda vidogo) wanafunga achari, pilipili na ubuyu vizuri siku hizi. Usinunue cha kupimiwa sokoni Mgandini halafu ukakitia kwenye pakiti ya kuomba. Najua kitamu zaidi, najua, shangazi alinigombeza dakika kumi juu ya hilo.

Usihamishe. Watu wananunua pakiti kubwa ya masala wanagawa kwenye vijaluba vidogo "ili isichukue nafasi". Ukishafungua imeshakuwa ya nyumbani. Kama hutaki kubwa nunua ndogo mbili.

Chupa iwe ya plastiki, mdomo mpana, na ule utando wa ndani haujatobolewa. Glasi sitaki kuiona. Nimefuta sakafu ya chumba cha mizigo iliyomwagikiwa na pilipili ya glasi, macho yaliniwasha siku mbili. Juu ya hapo vingirisha kwenye kanga kuukuu, sio kwenye nguo za safari, maana mafuta ya achari hayatoki.

Achari, pilipili ya maji, asali, siagi ya karanga, vyote uwanja wa ndege vinahesabiwa maji. Zaidi ya mililita 100 kwenye begi la mkononi, viwanja vingi bado wanavichukua. Viende kwenye sanduku kubwa.

Na kiasi jamani. Meli ina chakula alfajiri mpaka usiku wa manane. Beba ladha, usibebe mlo. Shangazi mwisho wa ugomvi alibaki na achari chupa mbili ndogo, tende pakiti mbili, masala ya chai, majani ya chai, biskuti. Ubuyu aliukataa mwenyewe baada ya kusikia kisa changu. Kashata na visheti tulivimaliza pale pale na chai.

Hatua ya 6: Kipi begi lipi

Mizigo mikubwa unaikabidhi kwa wapagazi bandarini na unakutana nayo mlangoni mwa chumba baada ya masaa, pengine usiku. Kwa hiyo dawa, miwani, chakula cha mtoto na tende za kuzugia njaa vikae mkononi. Ukiona wenzako wote wameletewa sanduku lako hujaliona, usilie, nenda chumba cha ulinzi uliza, ujue wameona kitu. Lifungue mbele yao mwenyewe, eleza kwa upole, mara nyingi wanatoa kitu kimoja unaondoka na mengine. Ukibishana ndo unapoteza muda.

Hatua ya 7: Siku ya kupanda

Mashine, picha, kadi, ngazi. Nawa mikono kila unapoingia ukumbi wa chakula, kwa sabuni, ile dawa ya kupaka haitoshi kwa virusi vya kuhara.

Hatua ya 8: Kushuka bandarini

Tabia ya kutia mayai, mkate wa nyama na ndizi kwenye mkoba asubuhi ili msinunue chakula mjini, acha. Chakula cha mezani kikishakaa kwenye mkoba juani masaa manne ni sumu, na nchi nyingi hazitaki nyama wala matunda ya melini yaguse ardhi yao. New Zealand abiria akisahau tufaha moja kwenye begi bila kulitaja anatozwa dola 400 za kwao palepale, ndo maana asubuhi ya kufika huko tulikuwa tunaweka mapipa ngazini na kutangaza mpaka sauti inakauka. Biskuti zisizofunguliwa na chupa ya maji zinatosha. Chupa beba tupu kutoka nyumbani ujaze, maji ya kununua melini bei yake utaumwa kichwa.

Ukirudi na kinywaji ulichonunua mjini, pombe hasa, kinachukuliwa mlangoni unapewa risiti. Hawajakuibia, watakurudishia mwisho wa safari.

Hatua ya 9: Usiku wa mwisho

Hapa pana mtego. Usiku wa mwisho masanduku makubwa yanawekwa nje ya mlango wa chumba, yanachukuliwa, mnakutana nayo bandarini. Ile chupa yako iliyohifadhiwa ikirudishwa sanduku likiwa limeshaondoka, unabaki nayo mkononi, na uwanja wa ndege ni zaidi ya mililita 100. Ukilipata sanduku bandarini lifungue palepale uitie ndani, usiione aibu. Mafuta ya zeituni ya Italia melini hayachukuliwi lakini mtego ni huo huo, tia sanduku kubwa mapema.

Na kabla hujalitoa nje, toa nguo za kesho. Nimeshamuona baba mzima anashuka meli na taulo. Shangazi nilimwandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa, BAIBUI NA KANDAMBILI NJE YA SANDUKU, nikaibandika ndani ya kifuniko.

Machungwa aliyabeba hata hivyo, matano. Aliyamaliza kwenye basi kutoka stendi ya Kange, kabla ya Chalinze.