Kutafuta nasaba ya ukoo kwa kadi ya maktaba na makavazi: mwongozo kwa watu wa Lamu na Malindi

Mtu wa Lamu anayetaka kuandika nasaba ya ukoo wake aghalabu hukimbilia cheti cha kuzaliwa, na hapo hukwama, kwa kuwa uandikishaji wa vizazi na vifo ulikuja kuwa wa lazima kote nchini Kenya mwaka 1971, na mababu zetu wengi walizaliwa na kuzikwa bila karatasi hiyo. Majina yao, hata hivyo, yamo katika hati nyingine.

Kabla ya kuomba kadi yoyote, kaa na wazee. Andika jina la kila mtu pamoja na la babake na la babu yake, mlango wake, yaani tawi lake la ukoo, na mtaa alioishi, uwe Mkomani au Langoni. Usiwaache wanawake: nyumba nyingi za mawe walipewa mabinti walipoolewa, kwa hiyo upande wao huacha nyaraka nyingi. Kisha orodhesha namna zote za kuandika jina moja, maana karani wa Kiingereza aliweza kumwandika mtu mmoja Athman, Othman na Uthman.

Ngome ya Lamu, iliyokuwa gereza hadi 1984, ina maktaba, na wakaazi wa Malindi wana maktaba ya umma mjini mwao. Nenda na kitambulisho, uulize masharti ya kupata kadi ya uanachama, kisha umtajie mkutubi ukoo, mtaa na miaka unayoitafuta. Ukisema tu kwamba unataka historia ya Lamu, utaletewa vitabu vya watalii. Kwa kompyuta au simu, fungua pia hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu, zilizopigwa picha katika mpango wa British Library wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, kwa namba EAP466. Usiishie kwenye matini yenyewe. Chunguza kurasa za mwanzo na za mwisho pamoja na pambizo, kwa kuwa huko ndiko mwenye kitabu au aliyekiweka wakfu huandika jina lake. Tarehe za Hijria zigeuzwe kwa uangalifu: mwaka 1300 ulianza Novemba 1882, na kila mwaka wa Hijria ni mfupi kwa takriban siku 11.

Hati ninayoithamini kuliko zote ni ya mirathi, inayoombwa katika Mahakama ya Kadhi, kwa sababu hutaja warithi wote waliokuwa hai siku ya kifo, na mafungu yenyewe husema mengi. Mjane akiwa amepata thumni, yaani sehemu moja ya nane, marehemu aliacha watoto, au wajukuu waliozaliwa na mwanawe wa kiume, hata kama wazee wako hawawakumbuki. Akipata robo, hakuacha. Ukiona wanawake wawili, kila mmoja ana sehemu moja ya 16, huenda hao ni wake wenza waliogawana thumni, na watoto wa marehemu waweza kuwa wa mama tofauti.

Kadi ya pili ni ya Makavazi ya Kitaifa, hifadhi ya nyaraka za serikali iliyoko Moi Avenue, Nairobi, ambayo mtafiti hupewa baada ya kujaza fomu na kulipa ada. Omba taarifa za kila mwaka za wilaya ya Lamu, taarifa za makabidhiano za maofisa, na nyaraka za madai ya ardhi yaliyotokana na sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908, ambayo iliwalazimu wenye mashamba na viwanja vya pwani kujitokeza na kutaja haki zao. Majalada yasiyotimiza miaka 30 kwa kawaida hayafunguliwi.

Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani hii mwaka 1907, na katika hati za kabla ya hapo aliyekuwa mtumwa huweza kutajwa kwa jina la bwana wake badala ya la babake. Usimwingize bwana huyo katika nasaba kana kwamba ni mzazi, wala usimfiche babu kwa sababu ya hali aliyolazimishwa kuishi.

Kila unaponakili jina, andika kando yake namba kamili ya jalada na ukurasa, ili ndugu atakayelitilia shaka aweze kuliomba jalada hilohilo na kulisoma mwenyewe.