SOMO: Kabla hujampeleka mbwa au paka wako kwa daktari wa mifugo

Ndugu zangu wafugaji wa Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Pongwe, hamjambo? Daktari wa watu humuuliza mgonjwa mwenyewe panapomuuma. Wa mifugo anakuuliza wewe. Ukifika ukasema "anaumwa tu, haeleweki", unamwacha daktari abahatishe, na atakayeumia ni mnyama.

Hatua ya kwanza: usimpe dawa ya binadamu

Naanza na hili kwa sababu linaniuma sana. Paka hana uwezo wa kuisafisha paracetamol mwilini. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua: damu inashindwa kubeba oksijeni, fizi zinageuka kahawia, uso unavimba. Kwa mbwa, diclofenac na ibuprofen huleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Na ile dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpake paka, nyingine ni sumu kwake. Kama umeshampa kitu, nenda na pakiti yake na useme ukweli. Hata ukigombezwa, sema.

Hatua ya pili: kusanya habari zake

Andika kwenye simu: amekula lini mara ya mwisho, ametapika nini, anakojoa, anaharisha, ameng'atana na nani, amechanjwa lini, dawa ya minyoo lini. Mrekodi video akichechemea au akikohoa, maana mbwa wengi wakifika kliniki hujikaza kwa woga, wakatembea vizuri kabisa. Kinyesi cha asubuhi hiyo, kiasi cha kijiko cha chai, kitie kwenye kikopo safi chenye mfuniko. Usikizoe na mchanga.

Halafu tazama fizi. Inua mdomo wa juu taratibu, bonyeza ufizi kwa kidole, achia. Panapobonyezwa hupauka, kisha rangi inarudi ndani ya sekunde 2 hivi. Ikichelewa, au fizi zote zimepauka, usingoje kesho. Mbwa wetu huku pwani wanaliwa sana na kupe, na kupe huambukiza vijidudu vinavyovunja chembe nyekundu za damu. Mbwa anaishiwa damu huku mwenyewe unadhani ana uvivu.

Hatua ya tatu: safari

Toka asubuhi, jua halijakolea. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Hupoza mwili kwa kuhema. Paka mtie kwenye tenga la kuku, lifunike, umtandikie kanga kuukuu iliyozoeleka nyumbani ili asikie harufu anayoijua. Usimfunge kwenye kiroba.

Mwenye mbwa, zungumza na dereva wa bajaji kabla hajafika mlangoni. Wengi ni Waislamu na mate ya mbwa kwao ni najisi. Akikataa, usigombane naye, tafuta mwingine. Chukua turubai, mbwa akae chini miguuni pako, na ukishuka umwachie dereva chombo chake kisafi.

Hatua ya nne: kliniki

Mbwa abaki kwenye kamba fupi, paka asitolewe tengani mpaka muingie ndani. Kama mbwa wako hung'ata, sema mapema ili afungwe mdomo.

Joto hupimwa kwa kipimajoto kwenye njia ya haja kubwa. Usishtuke ukisikia 38.8, kwa mtu hiyo ni homa, kwa mbwa na paka ni kawaida. Uliza jina la dawa, mara ngapi kwa siku, kwa siku ngapi, na iandikwe kwenye kadi. Una haki pia ya kuuliza kama anayekuhudumia amesajiliwa na Baraza la Veterinari. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 ndiyo inayotaka hivyo.

Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza akiwa na miezi 3, inarudiwa baada ya mwaka, kisha unafuata kadi. Paka naye achanjwe.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwanachama wa Makorora:* Paka wangu dume tangu jana anachuchumaa kila mara, hatoi mkojo, analia. Nimempa maziwa. Nisubiri?

*Jibu:* Usisubiri hata kidogo, ndugu yangu. Njia ya mkojo imeziba. Sumu inarudi kwenye damu na moyo unaweza kusimama. Acha maziwa, usimminye tumbo, mpeleke sasa hivi.

*Mwanachama wa Chumbageni:* Mke wangu ni mjamzito, jirani anasema tumtupe paka. Kweli?

*Jibu:* Hapana, shekhe. Hatari ipo kwenye kinyesi cha paka, na vijidudu vyake huhitaji siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza. Wewe ndiye uzoe mchanga wake kila siku. Mkeo aoshe mboga vizuri, nyama iive, na akigusa udongo wa bustani avae glavu.

*Mwanachama wa Duga:* Mbwa wetu kamng'ata mtoto leo. Hajachanjwa. Watu wanataka kumuua.

*Jibu:* Pole sana. Kwanza mtoto: osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali leo leo akaanze chanjo. Usipake majivu wala mafuta. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona, kwa hiyo msingoje kuona mbwa atakuwaje. Mbwa msimuue, mfungieni peke yake na mumwite daktari wa mifugo. Anatazamwa siku 10. Akifa katika siku hizo, msimzike wala msimguse kwa mikono mitupu, mpigieni daktari achukue sampuli ya ubongo, na hospitali nayo iarifiwe.