Somo: Kuomba na kusailiwa nafasi ya mafunzo ya kiangazi kwenye kampuni kubwa za uhasibu Marekani

Somo hili ni la mwanafunzi wa uhasibu aliye kwenye chuo cha Marekani na anayetafuta nafasi Deloitte, PwC, EY au KPMG. BDO, Grant Thornton na RSM nazo huenda kwa mwendo unaokaribiana na huo. Wengi hukosa nafasi kabla hata ya kuitwa kwenye usaili. Kinachowaangusha ni kalenda na fomu.

Hatua ya 1: Kalenda

Mafunzo yenyewe huwa Juni hadi Agosti, kwa kawaida wiki nane hadi kumi. Matangazo hutoka mwaka mzima kabla, mara nyingi zaidi ya mwaka. Anayetaka Juni 2027 asisubiri Januari 2027, atakuta ofisi nyingi zimeshajaza. Kampuni hizi huajiri wafanyakazi wao wa kudumu kutoka kwa waliofanya mafunzo, kwa hiyo hugombania wanafunzi wakiwa bado mwaka wa pili. Ukiwa mwaka wa kwanza au wa pili, omba zile programu za siku mbili tatu za kuwatambulisha wanafunzi. Wanaofanya vizuri huko hufikiriwa mapema kwa nafasi za kiangazi.

Kuna pia mafunzo ya Januari hadi Machi, msimu wa ukaguzi. Kampuni nyingi hufunga hesabu tarehe 31 Desemba, na zile kubwa zaidi zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa hupewa siku 60 kuwasilisha taarifa ya mwaka. Utajifunza mengi, lakini kazi inaingiliana na muhula. Mwenye viza ya F-1 (viza ya mwanafunzi) amwone kwanza mshauri wa wanafunzi wa kigeni.

Hatua ya 2: Ofisi na idara

Unaomba ofisi ya mji fulani na idara fulani: ukaguzi, kodi au ushauri. Mtu anayetuma maombi Houston, Chicago na Boston kwa mpigo, kila moja idara tofauti, huonekana hajui anachotaka, na maombi yote hukaa kwenye mfumo mmoja ambapo kila afisa ajira anayaona. Chagua mji ambao una sababu ya kuutaja. "Nasoma hapa na nitabaki hapa" inatosha.

Hatua ya 3: CV

Ukurasa mmoja. Toa picha, tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa na majina ya wadhamini. Hayo tumezoea kuyaweka kwetu, huku hayatakiwi. Weka mwezi na mwaka wa kuhitimu, pamoja na tarehe utakayofikisha masharti ya leseni ya CPA (mhasibu aliyeidhinishwa) katika jimbo lako. Njia iliyozoeleka ni saa 150 za masomo (credit hours za chuo, si saa za kukaa darasani), ingawa majimbo kadhaa yameanza kufungua njia nyingine. GPA (wastani wa alama zako) iandike kama ilivyo kwenye transkripti. Aliye na 3.46 asiandike 3.5, kwa sababu transkripti itaombwa. Majina yafuate pasipoti, kwa mpangilio uleule kila mahali.

Kazi ya dukani, ya ghalani au ya kulea wazee iandike. Aliyefunga hesabu za droo ya fedha kila usiku kwa miaka miwili ana cha kuzungumza na mkaguzi.

Hatua ya 4: Usaili

Kwa kawaida kuna usaili wa kwanza wa nusu saa, au wa kujirekodi mbele ya kamera, kisha nusu siku ofisini au kwa video ukiwa na meneja na mbia. Kwenye ule wa kujirekodi, swali hutokea na saa inaanza kuhesabu. Weka kamera usawa wa macho, taa iwe mbele yako, na usisome karatasi, kwa sababu macho yanayotembea huonekana.

Maswali ya kitaalamu ni machache. Mengi ni ya aina ya "nieleze mara moja ulipo…" Jibu kwa sehemu nne: hali ilivyokuwa, jukumu lako, ulichofanya, matokeo. Dakika mbili zinatosha, na angalau moja kati ya hizo iwe ya ulichofanya wewe.

Hapa ndipo Waswahili wengi huteleza. Tumelelewa tusijisifu, basi mtu anasema "tulikusanya", "tukaamua", "tukafanikiwa" mpaka mwisho. Msaili ana fomu ya kukupa alama, na kwenye safu ya "mwombaji alifanya nini" hana cha kuandika. Linganisha majibu haya mawili ya mweka hazina wa chama cha wanafunzi:

"Tulikuwa na tatizo la michango, tukakaa pamoja tukalimaliza."

"Daftari lilipishana na taarifa ya benki kwa dola 340. Nilipanga risiti zote kwa tarehe, nikakuta malipo mawili ya dola 170 yameandikwa mara mbili. Niliyasahihisha, nikamweleza mwenyekiti, na nikapendekeza kila malipo yawe na sahihi mbili."

La pili halina majivuno. Lina namba, lina kazi ya mtu mmoja, na linagusa udhibiti wa ndani, ambao ndio moyo wa ukaguzi. Andaa visa sita vya namna hiyo: kosa ulilofanya, mgogoro na mwenzako, muda uliobana, kitu ulichojifunza haraka, uongozi, na mahali ulipokataa kufanya jambo lisilo sawa. Kisa cha kosa kiwe kosa kweli. "Kosa langu ni kwamba nafanya kazi kupita kiasi" wamelisikia mara nyingi mno.

Mwisho watauliza kama una swali. Uliza kuhusu wateja wa ofisi ile, au mwanafunzi hupewa sehemu gani za ukaguzi wiki ya kwanza. Barua pepe ya shukrani itumwe siku hiyohiyo, mistari minne, kila msaili ya kwake.

Hatua ya 5: Baada ya ofa

Mwenye F-1 anahitaji CPT, yaani ruhusa ya kufanya kazi ya mafunzo akiwa bado masomoni. Kwa kawaida uwe umemaliza mwaka mzima wa masomo, na mafunzo yawe sehemu ya mtaala, ndiyo maana vyuo vingi humtaka mwanafunzi ajiandikishe somo la mafunzo. Barua ya ofa ionyeshe cheo, anwani ya kazi, tarehe ya kuanza na kumaliza, saa kwa wiki na majukumu. Usianze kazi hata siku moja kabla I-20 mpya (hati ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni) haijatoka ikiwa na jina la mwajiri. Na hesabu miezi: CPT ya muda wote ikifika miezi 12, unapoteza OPT (ruhusa ya kufanya kazi ya fani yako, ambayo wengi huitumia baada ya kuhitimu) ya ngazi hiyo ya masomo.

Namba ya Social Security (hifadhi ya jamii) huombwa ukiwa na I-20 hiyo, na ofisi yao haipokei ombi ikiwa zimebaki zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza.

Halafu kuna hisa. Kampuni ya ukaguzi hairuhusiwi kuwa na maslahi kwa mteja inayemkagua, na sheria hiyo inaweza kukugusa hata wewe mwanafunzi. Utaulizwa hisa, akaunti na mikopo yako, na ya mwenzi wako. Hisa moja uliyonunua kwa simu kwa dola kumi itaje. Huenda ukaambiwa uiuze.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Fomu inauliza kama nitahitaji udhamini wa viza sasa au baadaye. Nina F-1. Nikiweka "hapana" kuna ubaya?*

Marahaba. Upo. CPT haihitaji ombi la mwajiri, lakini H-1B (viza ya kazi) baadaye inahitaji. Swali likiunganisha "sasa au baadaye", jibu ni "ndiyo". Ukidanganya na wakigundua baada ya ofa, ofa huondolewa. Ofisi nyingine zitakuacha kwa jibu hilo. Heri ujue mwezi wa kwanza kuliko wa kumi na mbili.

*Mimi nimetoka Kongo, nimeingia kama mkimbizi. Nami niweke "ndiyo"?*

Hapana, ndugu. Aliyepokewa kama mkimbizi ana haki ya kufanya kazi inayotokana na hadhi yake, hahitaji kudhaminiwa. Kwenye fomu ya I-9, ile ya kuthibitisha kwamba una haki ya kufanya kazi, leseni ya udereva na kadi ya Social Security isiyo na kizuizi zinatosha. Mwajiri haruhusiwi kukuchagulia hati gani ulete.

*Nina masomo ya NBAA (bodi ya wahasibu ya Tanzania). Yatanisaidia kwa leseni ya CPA ya huku?*

Hayabadilishwi moja kwa moja. Masomo yako ya chuo yatatathminiwa, kisha utafanya mitihani minne: mitatu ya lazima na mmoja wa kuchagua. Ila kwenye usaili ni mtaji. Tanzania inatumia IFRS (kanuni za kimataifa za taarifa za fedha) tangu 2004, Kenya tangu 1999. Ukiweza kueleza kwamba IFRS inakataza LIFO (kuhesabu kwamba bidhaa iliyoingia mwisho ndiyo iliyouzwa kwanza) kwenye kuthamini bidhaa wakati kanuni za Marekani zinairuhusu, au kwamba IFRS inaruhusu kupandisha thamani ya jengo na Marekani hairuhusu, msaili atakaa sawa kitini.

*Rafiki yangu wa F-1 alikatwa asilimia 7.65 kwenye mshahara wa mafunzo. Ni halali?*

Hizo ni 6.2 za Social Security na 1.45 za Medicare (bima ya afya ya wazee). Mwanafunzi wa F-1 husamehewa kwa miaka mitano ya kwanza ya kalenda, na aliyeingia Desemba ameshatumia mwaka mmoja. Aanze na idara ya mishahara. Wasiporudisha, ajaze fomu 843 na 8316 azipeleke IRS (mamlaka ya kodi).

*Kuna chakula cha jioni na wabia kabla ya usaili. Sinywi pombe. Nijieleze vipi?*

Usijieleze, dada. Agiza soda.