Jinsi ya Kuoanisha Masomo ya Lugha za Programu na Mahitaji ya Waajiri

Idara ya kompyuta inapokaa kupitia mtaala wake, ubishi huzuka mapema: huyu anaitetea Java, yule Python, na mara nyingi kila mmoja anatetea ile aliyoisomea. Kabla ya kikao hicho, kusanyeni matangazo ya kazi ya mwaka mzima, ya serikali kutoka Ajira Portal na ya kampuni binafsi za Dar es Salaam, Dodoma na Arusha, kisha kwa kila tangazo andikeni lugha, hifadhidata na kazi yenyewe itakayofanywa. Safu hiyo ya tatu ndiyo yenye uzito, kwa kuwa tangazo linaweza kutaja lugha sita ilhali mwajiri anatumia mbili.

Baada ya hapo, chunguzeni mifumo ambayo tayari inafanya kazi. DHIS2, mfumo unaokusanya takwimu za vituo vya afya Tanzania na Kenya, umeandikwa kwa Java upande wa seva na JavaScript upande wa mtumiaji, na data zake hukaa kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. OpenMRS, unaotunza rekodi za wagonjwa katika nchi kadhaa za ukanda huu, nao ni wa Java. Lugha ya Kotlin imepewa kipaumbele na Google kwa programu za Android tangu 2019, lakini aliyeiva katika Java huizoea upesi, hivyo sioni haja ya kuitengea muhula mzima. PHP, inayodharauliwa na wahadhiri wengi, ndiyo lugha ya Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni, ambako pengine wahadhiri haohao hupokea kazi za wanafunzi wao.

Kisha waulizeni wasimamizi wa mafunzo kwa vitendo mwanafunzi wenu alikwama wapi wiki ya kwanza, kwani huenda tatizo lisiwe lugha kabisa. Chukueni malipo ya simu: mteja amelipa shilingi 10,000, taarifa ya malipo imefika kwenye seva, lakini mtandao umekatika kabla ya seva kujibu. Taarifa ileile inaweza kutumwa tena, na programu isiyokagua namba ya muamala itaandika shilingi 20,000. Zoezi hili lifanyike katika lugha yoyote mtakayochagua.

Katika kugawa vipindi, mwaka wa kwanza ubaki na lugha moja kwa mihula yote miwili. SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, ianze mwaka wa pili, na mwaka wa tatu wanafunzi warekebishe programu iliyoandikwa na watu wengine, kwa sababu ndiyo kazi watakayokabidhiwa siku ya kwanza ofisini.